Mabao Kumi na Manne ya Masanja

Jumapili, 14 Aprili 1996

Ijulikane kwa wote watakaohusika kwamba leo, saa sita kamili mchana, nimelifungua rasmi daftari hili la kurasa tisini na sita mbele ya mashahidi wawili: mke wangu Rhoda, aliyekuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa, na kuku mmoja ambaye hakualikwa.

Sababu ya daftari ni barua. Gazeti la Kishindo cha Michezo la Dar es Salaam limenikubali niwe mwandishi wake wa hapa Sumbawanga. Barua ina muhuri. Siku hizi kila mwenye mashine ya kuchapa ana gazeti, na kila gazeti linataka mtu kila mkoa. Kwa Rukwa mtu huyo ni mimi, Isdori, fundi baiskeli wa Malangali, mwenye elimu ya darasa la saba na magazeti yaliyofungia sukari. Nimesoma habari nyingi sana kwa njia hiyo. Mwisho wake siujui, kwa kuwa mwisho ulifungia sukari ya mtu mwingine.

Jioni: Malangali Stars 2, Mazwi United 0. Yote ya Masanja, dakika ya 12 na ya 71. La pili alipiga kichwa akiwa amesimama ndani ya dimbwi. Mvua haikukoma.

Jumatatu, 15 Aprili

Posta, kupiga simu. Coleta wa kwenye mitambo alinipa kibanda namba mbili, ambacho mlango wake haufungi, kwa hiyo taarifa yangu ilisikilizwa na Dar es Salaam pamoja na foleni nzima.

"Dakika ya kumi," nilipaza sauti, "Masanja alipokea mpira kutoka..."

"Ya kumi na mbili!" foleni ilisahihisha.

Mhariri anaitwa Bwana Shedrack. Ana sauti ya mtu anayekula huku anaongea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Safi, mzee wangu. Sasa nyama iko wapi?"

"Nyama gani?"

"Mbali na mabao. Kuna nini huko?"

Nikamwambia, kwa kujaza tu dakika zangu tatu, kwamba mchezo ulichelewa kidogo kwa sababu mpira ulikuwa umefungiwa stoo kwa mwenyekiti wa timu, Sadick, na Sadick alikuwa kwenye harusi na ufunguo wake. Akacheka. Nilidhani amecheka kwa adabu.

Jumanne, 16 Aprili

Masanja alileta baiskeli yenye pancha. Shikamoo, marahaba. Ni kijana mrefu wa Kisukuma, wazazi wake walihamia upande wa Mollo na ng'ombe zao miaka kumi iliyopita. Akiwa na mpira ana maneno mengi. Bila mpira hana hata moja, ilibidi nimvute kama msumari.

Habari ni hii. Timu moja ya Mbeya imemwambia aende mazoezini mwezi wa saba. Baba yake, mzee Shida, hataki. Mahindi yakishavunwa, ng'ombe wanashushwa bondeni, upande wa Muze, kufuata majani, na Masanja ndiye anayewashusha.

"Amesema mpira si kazi," Masanja akaniambia. "Lakini amesema watu wanaoandikwa gazetini wana kazi zao. Nikiandikwa kwa mpira, alione gazeti, asomewe, ataniacha niende."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mzee."

Nilimcheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia wiki hii baba yako atasomewa mabao mawili. Pancha niliziba bure.

Ijumaa, 19 Aprili

Basi limekwama matopeni Laela. Gazeti liko ndani yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Gazeti limefika. Ukurasa wa tano: MWENYEKITI AFUNGIA MPIRA STOO, AENDA KULA PILAU. Mistari kumi na minne. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mabao, kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa shule. Hakuna mabao. Hakuna Masanja. Hata nani alishinda hakuna. Pilau imetajwa mara mbili.

Jumapili, 21 Aprili

1–0, Masanja, penati. Sadick alinikuta nyuma ya goli. Ana maduka mawili na lori, na siku zote nimemwona ni mtu wa kubana mkono. Hakufoka.

"Isdori, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwenyekiti. Mimi nilituma mabao."

"Nadhira kasomewa ile habari sokoni na mwuza nyanya. Mke wangu! Sasa anauliza ile pilau ilikuwa ya harusi ya nani, na kwa nini yeye hakualikwa."

Ilikuwa harusi ya upande wa mke wake mdogo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimwuliza Bwana Shedrack mabao yamekwenda wapi. "Yalikatwa kwa kukosa nafasi," akasema. Kisha: "Lakini wewe uko Sumbawanga, bwana! Usiniambie huko hakuna mambo."

Nilimjibu kwamba mambo yapo: kona sita, kadi mbili za njano. Akaendelea kutafuna mpaka dakika zangu zikaisha.

Jumapili, 28 Aprili

6–1! Masanja matatu. Jumla sasa ni sita. Bao la mwisho alilianzia katikati ya uwanja, akawapita watu wanne, akamlaza kipa, akasubiri kipa ainuke, ndipo akafunga. Kocha Kornel, ambaye kwa kawaida hasifu kitu isipokuwa kazi yake ya cherehani, alivua kofia.

Fuko amechimba shimo mbele ya goli la upande wa kanisani. Kornel ameliziba kwa gunia.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimetuma. Nimeongea mabao tu kwa dakika mbili na nusu, haraka kama mpiga mnada. Nusu dakika iliyobaki nikasema, kwa utani, habari ya fuko. Kwa nini nilisema? Kwa sababu nilitaka yule mtu acheke tena. Naandika hapa ili nisije nikasahau.

Ijumaa, 3 Mei

SHIMO LA AJABU LAZUKA GOLINI SUMBAWANGA. Ukurasa wa kwanza. Fuko hakutajwa. Masanja hakutajwa. Limetajwa gunia, "ambalo ndani yake haijulikani kulikuwa na nini."

Ndani yake kulikuwa na udongo. Mimi ndiye niliyelishika mdomo Kornel akijaza.

Jumapili, 5 Mei

Mchezo haukuchezwa. Wageni walikuwa wamelisoma gazeti, wakanusa uchawi. Kipa wao akasema yeye upande wa kanisani hasimami, ana watoto. Tukasema basi atasimama wa kwetu. Wa kwetu akasema yeye hana watoto bado na angependa kuwapata. Mwamuzi Leonardi akaingia mwenyewe ndani ya goli akaruka-ruka juu ya gunia kuonyesha ni ardhi ya kawaida. Watu walipiga makofi, lakini hakuna aliyebadili nia. Kwa nusu saa mji huu ulikuwa na uwanja wenye goli moja. Kisha mvua ikaja ikatutawanya.

Masanja alikaa pembeni na viatu vyake shingoni. Aliniamkia.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Minyororo miwili, breki moja.

Jumapili, 12 Mei

2–0. Yote yake. Nane. Upande wa kanisani sasa kuna padre aliyekuja kutazama mpira tu, lakini makipa wanamwomba asimame karibu na nguzo.

Ijumaa, 17 Mei

Gazeti: PADRE ALINDA GOLI. Sikuituma mimi habari hii! Nilipiga simu nikauliza. Bwana Shedrack anasema kuna msomaji alipiga mwenyewe. Kwenye mitambo Coleta alikuwa anatazama dari kwa makini sana.

"Coleta."

"Abee, mwandishi."

"Wewe?"

"Dar walikuwa kwenye laini wanasubiri, nikaona si vizuri wasubiri bure." Kisha akaongeza, "Ila yangu wameiweka juu kuliko za kwako."

Jumapili, 19 Mei

1–1, bao letu Masanja. Tisa. Mvua imepungua, upepo umeanza ule wa kuchana midomo.

Leo nimefanya uchunguzi. Nilikaa stendi mahali gazeti linapouzwa, nikahesabu. Watu ishirini na sita walisimama kusoma vichwa vya habari. Ishirini na watano waliuliza, "Yule beki wa Dar amerudiana na mkewe?" Aliyeuliza matokeo ya ligi ni mmoja, na huyo alikuwa amepotea njia, alitaka basi la Mpanda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na taifa zima. Rhoda akanipokea mlangoni: "Vipi, beki amerudiana na mkewe?"

Nikamjibu. Nilikuwa nalijua jibu. Habari ile ndiyo niliyoisoma kwanza.

Jumapili, 26 Mei

4–0. Masanja matatu. Kumi na mawili. Mahindi ya Mollo yameanza kukauka, siku zinakwisha. Nilikwenda kwa mzee Shida mwenyewe na magazeti yote sita chini ya kwapa, nijaribu kumweleza. Ni mzee mkimya, anakaa kwenye kigoda na kutazama zizi kama wengine wanavyosikiliza redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi. Umekuja na gazeti?"

"Nimekuja nalo, lakini..."

"Masanja yumo?"

"Hayumo. Lakini kafunga kumi na mawili, kwa macho yangu."

"Macho yako nayaamini," akasema. "Lakini wewe ndiye unayeandika na hayumo. Sasa nani atasema yumo?"

Nilitoka pale nikimwita mkaidi, moyoni. Barabara nzima nilimwita mkaidi.

Jumapili, 2 Juni

3–2. Mawili yake. Kumi na manne! Hakuna mtu mkoani aliyefika hata nusu yake. Imebaki mechi moja, tarehe 16, ya ubingwa. Baada yake ng'ombe wanashuka.

Nimepata akili. Niliipata nikiwa nimeshika tairi. Bwana Shedrack anakata mabao kwa sababu ni mabao. Basi nitampa mabao yaliyovaa nguo nyingine, yasiyoweza kukatwa bila kuua habari yenyewe.

Jumatatu, 3 Juni

"Leo nina nyama," nilimwambia.

Alisikika akiacha kutafuna.

Nikamwambia: kuna mchezaji hapa, Masanja, baba yake amemwahidi ng'ombe mmoja kwa kila bao. Mpaka sasa amefunga mabao kumi na manne, kwa hiyo anamdai baba yake ng'ombe kumi na wanne. (Ni uongo. Mzee Shida hajaahidi hata kwato.) Kwenye foleni hakuna aliyenisahihisha, ndipo nikajua habari ni nzuri.

"Kumi na wanne!" akasema Bwana Shedrack. "Huyo mzee ana wangapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Mimi ni Mfipa wa jembe. Nyumbani kwetu tulikuwa na matuta, hatukuwa na zizi. Nikasema namba ya kwanza iliyonijia.

"Mia tatu hivi."

"Jina lake?"

Nikampa.

Jumamosi, 8 Juni

TAJIRI WA NG'OMBE 300 AHONGA MABAO RUKWA. Jina la mzee Shida kwa herufi nzito. Kijiji. Wilaya. Masanja ametajwa, ndiyo, ametajwa hatimaye: "mwanawe mmoja." Idadi ya mabao haipo. Ng'ombe mia tatu wapo mara nne.

Hata hivyo nilijipa moyo. Nikasema angalau ni gazeti, na angalau ni mpira.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwa urefu kwa sababu nastahili.

Jana Masanja alikuja kunichukua. Tulikwenda Mollo, yeye akiendesha, mimi nyuma, upepo wa baridi usoni. Zizi lilikuwa tupu. Sijawahi kuona kitu kitupu namna ile. Mzee Shida alikuwa anafunga mizigo juu ya punda wawili.

Nikaamkia. Akaitikia. Hata siku ile aliitikia.

"Kaa, mwandishi. Uliwahesabu lini?"

"Nani, mzee?"

"Ng'ombe wangu. Nataka kujua ulihesabu lini, maana mimi mwenyewe sijawahi."

Nikafikiri anatania. Nikasema kila mtu anajua ana ng'ombe wangapi.

"Sisi hatuhesabu," akasema. "Tunatazama. Akikosekana mmoja unaona, kama unavyoona mtoto hayupo mezani. Kumhesabia mtu mifugo yake kwa sauti ni kumwombea ipungue. Hata kaka yangu hawezi kunifanyia hivyo. Wewe umenihesabia mbele ya Tanzania nzima, na ukakosea."

Sikujua. Namwandikia Mungu na daftari hili: sikujua. Nimeishi na Wasukuma mji mmoja miaka kumi, nimeziba pancha zao, sikuwahi kuuliza.

Kisha akanisimulia wiki yake, taratibu, huku anakaza kamba. Jumapili walikuja wakwe wa mtoto wake mkubwa. Mwaka juzi aliwaomba wapokee mahari ndogo kwa kuwa ukame ulimpiga, wakamhurumia. Sasa walikuja na gazeti limekunjwa mfukoni, wakaliweka mezani, wakakataa uji. Jumatatu akaja bwana mifugo na kitabu chake cha josho, ambamo ng'ombe wa mzee Shida ni wachache zaidi kidogo kuliko mia tatu. Jioni ile ile wakaja vijana wawili asiowajua wakauliza njia ya kisimani, macho yao zizini, wakati kisima kiko nyuma yao.

"Hao wa kisima ndio walionihamisha," akasema. "Wakwe nitaongea nao. Ng'ombe wametangulia leo alfajiri na kaka zake Masanja."

"Mzee, mechi ni Jumapili. Siku tano tu. Mwache Masanja, nitaandika upya, nitasahihisha..."

"Utaandika nini? Kwamba si mia tatu? Halafu watakuuliza ni wangapi."

Masanja alikuwa amesimama upande wa pili wa punda. Nilimtazama anitetee, au anitukane. Alikuwa anapitisha kamba chini ya tumbo la punda na kumrudishia baba yake ncha, akipitisha na kurudisha, kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja maisha yote. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee yule hakuwa mkaidi. Alikuwa ameweka sharti moja, rahisi, mbele ya watu wawili tunaojua kusoma, mimi na Bwana Shedrack, na akasubiri miezi miwili.

Wakati wa kuondoka Masanja akanipa viatu vyake vya mpira.

"Mpe kocha. Bondeni kuna miiba, hivi vitaharibika bure."

"Utarudi?"

"Mvua zikianza, mzee." Akafikiri. "Yale ya kichwa yalikuwa mangapi?"

"Manne."

"Matano," akasema. Na kweli, ni matano.

Alhamisi, 13 Juni

Nilimwambia Sadick yote. Nilitegemea anicheke, ana haki. Badala yake akatoa lori lake, akaweka mafuta, akashuka mwenyewe mpaka Muze kumwomba mzee amwachie kijana kwa siku moja.

Ijumaa, 14 Juni

Sadick amerudi mweupe kwa vumbi. Mzee alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, akakataa. Vijana wa kisimani wameonekana tena njiani na kila mkono unahitajika zizini. Sadick hakunilaumu. Aliniletea paja la kuku limefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa Kishindo. Nilikula bila kusoma.

Jumapili, 16 Juni

Mechi ya ubingwa. Baridi. Viatu vya Masanja alivaa mwingine, vilimpwaya.

Jumatatu, 17 Juni

Sikutaka kupiga simu. Coleta ndiye aliyenipigia kelele kutoka mlangoni mwa posta: "Mwandishi! Dar wanakutafuta wao!"

Bwana Shedrack hakuwa anakula. "Mzee wangu, niokoe. Nilikuwa na habari ya mchezaji na mke wa katibu, wakili ameizuia sasa hivi. Nina robo ukurasa mweupe. Nipe mechi."

"Nyama hakuna," nikasema.

"Achana na nyama. Nipe mechi yenyewe. Dakika kwa dakika. Jina la kila mtu."

Nikampa. Coleta hakukata laini. Zilipita dakika tatu, zikapita kumi na moja. Foleni ilinisahihisha mara nne.

Jumamosi, 22 Juni

Imetoka. Robo ukurasa, kila neno, kona zote, mabadiliko yote, jina la mwamuzi na la washika vibendera, na chini kabisa: Na Isdori, Sumbawanga. Hakuna kosa hata moja. Kornel ameikata na kuibandika juu ya cherehani. Stendi wameisoma kwa sauti. Hata Rhoda aliacha maharage, akakaa, akaisoma kuanzia juu mpaka jina langu, kidole kikifuata mistari.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Sasa nani alifunga?"

"Hakuna. Ilikuwa sufuri kwa sufuri."